Maji ya Siku ya Tatu

Tantina Merina aliponiuliza kwa mara ya kwanza nasomea nini, nilimwambia uzamivu wa uhandisi wa biolojia. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa mawese yaliyotiwa maji.

"Uhandisi ni wa barabara," alisema. "Biolojia ni ya chura. Wewe unajenga chura?"

"Karibu na hapo, Tantina. Ndani ya kila kiumbe kuna mitambo midogo inayotambua hiki na kukataa kile. Sisi tunaichukua, tunaipanga upya, inafanya kazi tunayoitaka."

"Na ukimaliza utaitwa daktari."

"Nitaitwa daktari."

"Mgongo wangu ukiuma, nije kwako?"

"Hapana, nenda hospitali."

"Basi huo ni udaktari wa kuitwa tu." Akageukia wateja wake. Kabla jua halijazama, soko zima la Ujiji lilikuwa limeshajua kwamba Shukrani, mtoto aliyelelewa na Merina, anasomea udaktari wa kuitwa tu, tena analipwa. Hilo la kulipwa ndilo lililowakaa kooni.

Nalo lilikuwa kweli. Mpango wetu ulichukua watu wachache kutoka nchi kadhaa, ukawalipia ada, maabara, safari na posho ya kila mwezi kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza mnazungushwa maabara hii hadi ile kama sinia ya kahawa barazani, kila mmoja aonje. Mwisho wa mwaka huo jopo linakaa. Wakikukubali, unaendelea na utafiti wako mwenyewe mpaka uitwe daktari. Wakikukataa, wanakupa cheti, mnapiga picha ya pamoja, kwaheri ya kuonana.

Mimi vyeti na picha za pamoja ninavyo vya kutosha. Nimeuza sambusa, nimebeba dagaa pale Kibirizi mpaka shingo ikaingia mabegani, nimefua nguo za watu wa mashirika, nimerudia mtihani wa kidato cha sita nikiwa na umri wa kuitwa mama na wanafunzi wenzangu. Nilichokuwa nakitaka mwaka ule ni kitu kimoja tu: jopo liseme endelea.

Kazi yangu ilikuwa karatasi. Kipande kidogo, ukubwa wa stempu, chenye madoa mawili ya njano. Ndani ya madoa hayo tulikuwa tumekausha ile mitambo ya seli bila seli yenyewe. Hakuna kilicho hai, hakuna kinachozaliana, kwa hiyo hata sheria haikuwa na ugomvi nasi. Unayachuja maji, unayapasha moto kidogo, unadondosha tone kwenye kila doa na kusubiri kama saa moja. Doa la kwanza tuliliita shahidi. Hilo lazima ligeuke zambarau kila mara, kukuambia kwamba karatasi ni nzima. Doa la pili linageuka zambarau pale tu maji yanapokuwa na kipindupindu. Maabarani nilikuwa nimeliona doa la pili likigeuka mara chungu nzima, na kila mara nilicheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Mwaka ule Warundi walikuwa wanavuka. Walikuja kwa mitumbwi, kwa miguu, kwa meli, uwanja wa mpira wa Kigoma ukajaa mahema, na kipindupindu kikaja nao bila kuandikishwa. Kila mtu mjini alikuwa na la kusema kuhusu wakimbizi. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua watashangaa kulisikia. Nilivuka ziwa hilohilo nikitokea upande wa Kongo nikiwa sijaota meno ya utu uzima, mimi, mama yangu na mdogo wake, Tantina Merina. Tulifika watatu. Wiki mbili baadaye, mapokezini kwa wakimbizi, tukawa wawili, kwa sababu ya maji ambayo mtu yeyote angeyanywa, maana hayakuwa na rangi wala harufu. Ndiyo maana nilitaka karatasi inayoyapa rangi.

Basi jopo likatangaza kwamba litakuja Kigoma lenyewe. Wakubwa wale walipenda kuona kazi pale inapotakiwa kufanya kazi. Msimamizi wangu, Profesa Joanitha, Mhaya wa Bukoba aliyenyooka kama rula, alinipigia simu.

"Shukrani, jopo haliji Kigoma kula migebuka. Linataka kuona karatasi yako imepima maji ya watu, kwa watu. Sio ya maabara."

"Na migebuka wasile, Profesa?"

"Wakishakukubali."

Nilichagua Ilagala, kijiji cha wavuvi karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani, kwa sababu zahanati ya huko ilikuwa imeripoti watu wanaoharisha. Nilikwenda na Feliksi, mwenzangu katika mpango, kijana wa Mbeya aliyeijua kompyuta kuliko alivyolijua jua. Tulikwenda kwa gari lenye nembo mlangoni. Tulivaa vizibao vyenye nembo. Tulibeba sanduku la barafu lenye nembo. Tungekuwa na nembo usoni tungezibandika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Veneranda, kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaokausha migebuka kwa moshi. Alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Mwakeye!" nilimsalimu kwa Kiha changu cha Ujiji. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Karibuni, msisimame juani." Akawafukuza kuku, akatoa viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma. "Mnatoka serikalini?"

"Hapana mama, chuoni. Tunaomba maji mnayokunywa, tuyapime."

"Chuoni, serikalini, ni hukohuko." Akaingia ndani. Tukasikia vyombo vikigongana kwa muda. Aliporudi alikuwa na sinia, juu yake glasi mbili zilizofunikwa visahani, maji meupe mpaka unaona alama za vidole upande wa pili.

"Safi kabisa," alisema Feliksi.

"Ndiyo tunayokunywa," alisema Mama Veneranda, na akatazama pembeni.

Nyumba ya pili tulipewa glasi. Ya tatu, glasi yenye maua. Ya nne walimtuma mtu kwa jirani kuazima glasi. Feliksi alifurahi sana. "Kijiji hiki kina utaratibu," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyetukatalia."

Karatasi ndizo zilizokataa. Doa la pili halikugeuka popote. Hilo ningelivumilia, ningesema maji ni salama. Lakini shahidi naye hakugeuka. Katika kila nyumba, lile doa ambalo lazima ligeuke zambarau lilianza na njano, likafifia, likawa jeupe. Mtafiti ambaye shahidi wake amekuwa bubu hana kesi.

Tulirudi mjini. Tulipopita Simbo, Feliksi akasema kwa upole, "Joto limeziua, dada. Sanduku halikushika baridi."

Nilimpigia Profesa Joanitha. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilinitisha kuliko kama angenikatiza.

"Tutaonyesha matokeo ya maabara," alisema. "Tutasema ya kijijini hayakukamilika."

"Jopo litanikataa?"

"Litauliza."

"Profesa, kwenu Bukoba 'litauliza' maana yake nini?"

"Maana yake funga simu ufanye kazi, Shukrani."

Nilimshusha Feliksi kwa Tantina Merina, kwa sababu mtu akifadhaika anahitaji ugali wa muhogo. Wakati Tantina anasonga, nilichukua dumu nikashuka ufukweni, nikachota maji ya ziwa, nikayapitisha kwenye chujio na kuyapasha. Karatasi nilizitoa katika sanduku lilelile lililotoka Ilagala. Tulikula. Tulipomaliza kunawa, shahidi alikuwa zambarau kama biringanya.

Feliksi akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Kwa hiyo ni nzima."

"Karatasi nzima, Feliksi. Ilagala ndiyo imetufanyia kitu."

Nikazipanga zile za Ilagala mezani. Weupe ule nilikuwa naujua. Nimekwambia nimefua nguo za watu. Nilifukuzwa kazi moja kwa sababu ya shati la bluu la bwana mmoja wa shirika, nilipozidisha dawa kwenye beseni, shati likatoka na mawingu. Huu ulikuwa weupe wa dawa. Klorini. Tena si ile ya kutosha kutibu maji. Hii ilikuwa ya kutosha kutibu shati.

"Wameweka vidonge vya kutibu maji," nilisema. "Wameweka viwili panapotakiwa kimoja."

"Kwa nini wafanye hivyo na sisi tumesema tunataka maji wanayokunywa?"

Nikamtazama Feliksi, nikaviona vizibao vyetu vimetundikwa kwenye msumari, nikaanza kucheka. Tantina Merina akauliza kama ugali wake una kichekesho. Nilikuwa nimelelewa katika nyumba hii. Nilikuwa nimetumwa mara ngapi kwa jirani kuazima glasi, kwa sababu kuna mgeni barazani na sisi tunakunywa kwa vikombe vya bati? Hakuna mwanamke kandokando ya ziwa hili atakayempa mgeni mwenye nembo maji ya dumu. Ni aibu. Tulikuwa tumepima, kwa vifaa vya gharama kubwa, heshima ya wanawake wa Ilagala.

"Mgeni siku mbili," nilimwambia Feliksi.

"Ya tatu mpe jembe," akamalizia, kisha macho yakamtoka. "Ooh."

"Sisi tulipewa maji ya siku ya kwanza. Ninayoyataka ni ya siku ya tatu."

Kesho yake nilikwenda peke yangu, kwa pikipiki, nimejifunga kitenge, mkononi nina chupa ya mawese ya Tantina. Mama Veneranda alinikuta nimesimama kwenye majivu ya tanuri lake la samaki.

"Wewe si yule wa jana wa gari?"

"Ndiye. Leo gari limenikataa. Nimekuletea mawese, yametoka kwa Merina wa Ujiji."

"Merina yupi? Yule mwenye mdomo?"

"Ndiye aliyenilea. Mdomo nimeupata kwake."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Kisha akakisogelea kile kiti chenye kitambaa cha kufuma alichokuwa amekwisha kunitolea, akakiinua, akakirudisha ndani. Aliporudi alikuwa na kisu na kapu la migebuka.

"Mtoto wa Merina unakaliaje kiti na samaki hawajapasuliwa? Kaa hapo."

Nikakaa hapo, juu ya kinu kilicholazwa. Sijawahi kufurahia kushushwa cheo kama siku ile.

Tulipasua samaki. Alinikosoa namna ninavyoshika kisu, nikamwambia wa Kibirizi hushika hivi, akasema ndiyo maana samaki wa Kibirizi wana majeraha. Jua lilipopanda nikaomba maji.

"Dumu la bluu pale, kata inaning'inia. Au unataka nikutengee?"

Nilichota. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, na vumbi la majivu juu. Nilisimama na ile kata mkononi. Ningeweza kuyamimina kwenye chupa yangu kimyakimya na kuondoka. Hakuna ambaye angejua. Lakini hayo yangekuwa maji ya kuiba, na mimi nilikuwa nimechoka kupima kitu kingine badala ya maji.

"Mama," nilisema, "karatasi zangu ziko kwenye mkoba. Haya ndiyo maji niliyokuwa nayataka jana. Naomba niyapime. Ukikataa, nitayarudisha na kuendelea na samaki."

Kisu chake kikasimama. "Kumbe umekuja kazini."

"Nimekuja nyumbani, na kazi yangu nimekuja nayo. Sikuweza kuiacha, inalia."

Hakucheka. Alinyanyuka akaenda hadi kwenye pazia la mlango wa uani, akalisogeza kidogo. Ndani alikuwamo mwanamke kijana amepakata mtoto mchanga, nyuma yake watoto wengine wawili wamelala kwenye mkeka mmoja.

"Amahoro," alisema yule kijana, taratibu.

"Amahoro," nilijibu.

"Melania. Mtoto wa dada yangu, ametoka ng'ambo Burundi," alisema Mama Veneranda akishusha pazia. "Hajaandikishwa. Hataki kambi mpaka mumewe afike. Jana mnakuja na gari lenu, mimi nikajua ni watu wa afya. Ukiandika kwamba maji ya nyumba hii ni mabaya, watakuja. Watakuja kuangalia maji, wataona watu. Sasa niambie, ulitaka nikupe maji gani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nusu ya ile klorini ilikuwa heshima na nusu ilikuwa woga, na karatasi yangu haikuwa na doa la kutenganisha viwili hivyo.

"Mimi pia nilivuka," nilimwambia. "Mama yangu alikunywa maji kama haya, akafa mapokezini. Ukinizuia nisiyapime sitakulaumu. Lakini huyo mchanga anaogeshwa kwa maji haya. Karatasi inajua maji, haijui watu. Na mimi nikiandika, nitaandika mwalo mnakochota. Mlango sitauandika."

"Apa."

"Naapa kwa mdomo wa Tantina Merina."

Akashusha pumzi. "Hicho ni kiapo kikubwa. Pima."

Nilichuja, nikapasha kwenye makaa ya samaki, nikadondosha. Kisha tukarudi kwenye migebuka, kwa sababu kusubiri bila kazi ni ugonjwa. Kapu lilipokaribia kwisha nikatazama. Shahidi alikuwa zambarau. Nikatazama doa la pili. Lilikuwa njano, kisha kahawia kidogo pembeni, kisha, nikiwa nimelikodolea macho, likageuka lote.

Nilifurahi. Kwanza nilifurahi, mwili mzima, kama kule maabara. Halafu nikamsikia mtoto wa Melania akilia nyuma ya pazia na furaha ikanigeuka mdomoni.

Mama Veneranda alikuwa ananisoma usoni. "Ni nzuri au ni mbaya?"

"Kwangu nzuri. Kwenu mbaya."

"Umekaa juu ya kinu changu, unapasua samaki wangu. Kama kwetu mbaya, kwako pia mbaya."

"Ndiyo, mama. Mbaya."

Tulilimwaga lile dumu mbali, tukalisugua, tukachemsha maji sufuria baada ya sufuria. Vile vidonge alikuwa navyo kopo zima, vilivyogawiwa wakati wa kampeni. Alikuwa anavitunza kwa ajili ya wageni. Nilimwomba kuanzia leo avitumie kwa watoto, kimoja kimoja, na wageni wapewe yaliyochemshwa. Kisha nikashuka mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa na wanawake wanapochota, nikajaza chupa na kuipeleka maabara mjini. Jibu lao lilipotoka lilikuwa sawa na la karatasi yangu. Watu wa afya walikuja, wakaweka dawa mwaloni, wakawafundisha wanawake pale pale mchangani. Hakuna aliyeingia uani kwa mtu.

Jopo lilifika wiki iliyofuata: Profesa Joanitha na wageni wawili kutoka mbali, mmoja mrefu sana, mwingine mama mfupi mwenye kofia. Feliksi alikuwa ametengeneza michoro mizuri ya kuonyesha kwenye kompyuta. Nilimwambia aifunge. Niliwapeleka wote Ilagala, kwa gari lenye nembo, wamevaa nembo.

Mama Veneranda alitoa viti vyote alivyonavyo. Zikaja glasi kwenye sinia, na visahani juu.

"Nimemwomba mama awapokee kama anavyowapokea wageni," nililiambia jopo. "Mwanzo hadi mwisho, na vidonge vyake."

Nikachukua glasi ya Profesa, nikapima maji yake mbele yao. Doa la shahidi likafifia, likafifia, likawa jeupe. Yule mrefu akaandika kitu. Yule mama mwenye kofia akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani, kama karatasi imeshindwa. Profesa Joanitha alinitazama kwa jicho ambalo nadhani Wahaya hufundishwa wakiwa wadogo.

"Haijashindwa," nilisema. "Imejibu. Imesema: haya ni maji ya mgeni."

Kisha nikachota kwenye dumu la bluu. Tulipokuwa tunasubiri niliwaeleza yote: glasi, vizibao, shati la bluu. Yule mama alicheka shati. Muda ulipotimia, shahidi alikuwa zambarau na doa la pili lilikuwa njano. Karatasi nzima, maji salama. Nikaweka kando yake ile ya wiki iliyopita, yenye madoa mawili ya zambarau, na jibu la maabara ya mjini.

"Nilikuja na karatasi yenye majibu mawili," nilisema. "Ilagala imenipa la tatu. Jeupe maana yake dawa imezidi, rudi kwa adabu. Miaka mitatu ijayo nataka kulitengeneza jibu hilo vizuri, liwe na doa lake, lipime na kiasi cha dawa. Feliksi amekwisha kuanza hesabu."

Feliksi, aliyekuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekesha akihesabu.

Yule mrefu akaishika karatasi ya zambarau. "Hii ilitoka nyumba gani?"

"Ilitoka kwenye maji ya mwalo ule pale."

"Sampuli ilichukuliwa nyumbani, umesema mwenyewe. Takwimu bila mahali si takwimu. Nyumba gani?"

"Nina mwalo, nina tarehe, nina jibu la maabara. Mlango sina."

"Huna, au hutoi?"

Nilimwona Profesa Joanitha akikaza midomo. Nikajua ndipo tulipofika: mwaka mzima, sambusa zote, dagaa wote, vimebebwa na neno moja. Lakini neno lenyewe nilikuwa nimekwisha kuliapia.

"Sitoi," nilisema.

Mama Veneranda, ambaye Kiingereza chetu kilikuwa kinampita kama upepo, akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka mwaloni: "Wanasema nini?"

"Wanauliza mlango, mama."

"Ehe. Na wewe?"

"Nimekataa."

Akakunja mikono kifuani, akakaa sawasawa kwenye ndoo aliyoigeuza kiti, kama anayengoja kuona nani atapepesa kwanza.

"Naomba niseme kwa nini," nikaliambia jopo. "Si huruma, ingawa huruma ninayo. Ni vipimo. Nikiutoa mlango mmoja leo, kesho kijiji kizima kitanipa glasi. Keshokutwa vijiji vyote vya ziwa hili vitajua. Nitapima maji ya wageni mpaka nizeeke, karatasi zote nyeupe, na kipindupindu kitabaki kwenye madumu. Mnataka takwimu zenye mahali? Mimi mahali ninapo. Pako ndani ya nyua za watu, na ninaingia kwa sababu wananiamini. Nikiwauza, sina chombo."

Yule mrefu alimgeukia Profesa Joanitha, nadhani akitegemea msaada.

"Hiyo iandike," Profesa aliniambia mimi, si yeye. "Neno kwa neno. Iwe sura ya kwanza."

Wakaenda kuzungumza chini kwenye mitumbwi. Mimi sikuwa na kiti. Vyote vilikuwa vimetolewa kwa wageni, na wageni walipoondoka Mama Veneranda alivirudisha ndani palepale, vumbi lisivishike. Nikapewa kisu. Feliksi naye akapewa kisu, akakishika kama kalamu, na Melania aliyekuwa amechungulia pazia akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga.

Nilikuwa kwenye samaki wa nne au wa tano waliporudi. Yule mrefu alikuwa wa kwanza kunipa mkono, akaona magamba, akanipa hivyohivyo. Alisema ataendelea kuuliza kuhusu milango kila mwaka mpaka nihitimu, nami nikamwambia karibu sana, glasi ipo.

"Shukrani," Profesa Joanitha alisema, "unaendelea. Miaka mitatu."

Nilimkumbatia Profesa na magamba yangu yote. Tantina Merina angetoa sadaka kuona siku hiyo.

"Anasema nini?" akauliza Mama Veneranda.

"Wamenikubali, mama. Nitakuwa daktari."

"Wa kutibu?"

"Wa kuitwa tu."

"Haya, hongera." Akanisogezea kapu la pili kwa mguu. "Malizia hao, moshi unapotea."